Kuku Anayeatamia Si Mvivu: Tabia Hii Ilitoka Wapi?



Mwaka wangu wa kwanza kazini hapa Musoma, mama mmoja wa kijiji cha kando ya ziwa alinionesha tetea aliyegoma kutoka kwenye kiota. Alikuwa ameacha kutaga, amevimbisha manyoya, na ukimsogelea anadonoa. Nikamwambia, "Mama, uza huyo, weka chotara." Akauza matetea watatu. Chotara walitaga vizuri, lakini hakuna hata mmoja aliyeatamia. Walipozeeka akaniuliza, "Mwanangu, sasa vifaranga nitapata wapi?" Sikuwa na jibu. Ndiyo maana leo nakueleza historia ya tabia hii, ili usirudie kosa langu.

Kuku tunaowafuga wanatokana na kuku pori wa Asia ya Kusini-Mashariki, walioanza kufugwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Porini tetea hutaga mayai machache, kisha huacha kutaga na kuyalalia mpaka yaanguliwe. Asiyeatamia hakuacha uzao. Kwetu Afrika Mashariki kuku walikuja na biashara. Mifupa yao imechimbuliwa Unguja Ukuu, bandari ya zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Kutoka pwani hadi huku ziwani, vijijini hakukuwa na mashine. Kizazi baada ya kizazi, kuku waliangulwa chini ya tetea.

Tabia hii ilififia pale mashine zilipochukua kazi ya mama. Wamisri wa kale walitotolesha mayai kwenye matanuri, na mwaka 1879 Lyman Byce alitengeneza mashine ya kutotolesha huko Petaluma, Marekani. Baada ya hapo wafugaji wakubwa hawakumhitaji tena tetea wa kulalia mayai. Walichagua wanaotaga bila kusimama, kama Leghorn wenye asili ya Italia. Kwa kuwa kuatamia hurithiwa, tabia ilipungua kila kizazi. Leo kuku wa mayai hutaga karibu 300 kwa mwaka, wakati wa kienyeji anayejitafutia chakula hutaga kama 40 hadi 60. Kuroiler kutoka India na Sasso kutoka Ufaransa nao huatamia kwa nadra.

Kwa hiyo ukinunua chotara, ujue umenunua mayai na nyama, hukununua mama. Banda lako bado linahitaji matetea wachache wa kienyeji. Umeme ukikatika mashine hupoa, tetea hapoi.

Sasa, mtumie hivi:

1. Ukitaka vifaranga, mwekee mayai 10 hadi 13 yasiyozidi siku 7 tangu yatagwe. Weka maji na chakula karibu. Yataanguliwa baada ya siku 21.

2. Ukiwa na matetea wawili walioanza kuatamia siku tofauti, wa kwanza mwekee mayai ya kushikiza. Wa pili akianza, wape wote mayai mazuri siku moja. Yakianguliwa, vifaranga mpe mmoja alee. Mwingine atarudi kutaga mapema.

3. Vifaranga wakifika wiki 4 watenge na mama. Akiwalea miezi mitatu, mwaka unaisha ametaga mara chache tu.

4. Ukitaka mayai tu, usimchovye kwenye maji wala kumfunga miguu. Mtoe kwenye kiota, muweke siku 3 hadi 4 kwenye tundu lenye sakafu inayopitisha hewa, bila matandiko, akiwa na maji na chakula. Joto la kifuani litashuka na hamu ya kulalia itaisha.

Chanja mdondo kwa chanjo ya I-2 kila baada ya miezi mitatu, la sivyo kazi yote ya tetea itaishia kaburini.

Yule mama alinunua tetea mmoja wa kienyeji kwa jirani. Nilipopita tena nilimkuta amelala juu ya mayai 12. Safari hii sikumwambia auze.