Kwa nini mitambo ya video pekee haitoshi kurejesha imani kwa marefa

FAINALI ya Klabu Bingwa Afrika ya mwaka wa 2019 haikumalizikia uwanjani. Mnamo Mei 31, katika uga wa Radès nchini Tunisia, Wydad Casablanca ya Morocco ilikuwa nyuma kwa bao 1-0 dhidi ya Esperance ya Tunis pale Walid El Karti alipotikisa wavu katika kipindi cha pili. Bao hilo lilikataliwa, ikidaiwa kwamba alikuwa ameotea.

Wachezaji wa Wydad walimtaka refa Bakary Gassama wa Gambia atazame picha za video. Hilo halikuwezekana kwa kuwa mitambo ilikuwa na hitilafu. Walikataa kuendelea kucheza na, baada ya mvutano wa zaidi ya saa moja, Esperance ilikabidhiwa kombe.

Shirikisho la Soka Afrika (CAF) liliagiza mechi irudiwe. Hata hivyo, Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo (CAS) ilifutilia mbali agizo hilo ikisema kamati kuu ya CAF haikuwa na mamlaka ya kulitoa. Agosti mwaka huo, kamati ya nidhamu ya CAF iliitangaza Esperance kuwa mabingwa.

Mabao mengi yamewahi kukataliwa bila timu kususia mechi. Tofauti ya Radès ni kwamba wachezaji na mashabiki walikuwa wameahidiwa jicho la pili, nalo jicho hilo likakosekana lilipohitajika zaidi.

Shinikizo la kutumia video lilitokana na makosa yaliyoshuhudiwa na mamilioni ya watu. Novemba 2009, Thierry Henry wa Ufaransa alinawa mpira kabla ya William Gallas kufunga bao lililoinyima Ireland nafasi ya kwenda Kombe la Dunia. Juni 27, 2010, jijini Bloemfontein, kombora la Frank Lampard wa Uingereza liligonga mwamba wa goli na kudunda ndani ya lango la Ujerumani. Kila mtazamaji wa runinga aliliona bao hilo, ila marefa hawakuliona.

Mwaka wa 2012, Bodi ya Kimataifa ya Sheria za Soka (IFAB) iliidhinisha teknolojia ya kubaini iwapo mpira umevuka mstari wa goli. Majaribio ya refa msaidizi wa video, maarufu kama VAR, yaliruhusiwa mwaka wa 2016, na kufikia Machi 2018 mfumo huo ulikuwa umeingizwa katika sheria za mchezo. Katika Kombe la Dunia la mwaka huo nchini Urusi, Antoine Griezmann wa Ufaransa alifunga penalti ya kwanza iliyotokana na VAR, katika mechi dhidi ya Australia.

Sheria ya 2018 iliruhusu video kutumiwa katika hali nne: bao, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na pale mchezaji asiye na kosa anapoadhibiwa badala ya mwenzake. Aidha, marefa wa video huingilia kati iwapo tu kuna kosa la wazi au tukio zito lililompita refa. Neno la mwisho husalia kuwa la refa aliye uwanjani.

Hapo ndipo penye utata. Kuotea hupimwa kwa mistari. Katika Kombe la Dunia la Qatar mwaka wa 2022, kamera 12 zilitumiwa kufuatilia viungo vya wachezaji, huku mpira wenyewe ukiwa na kifaa cha kunasa kila mguso. Lakini kunawa mpira, au uzito wa rafu, ni masuala ya tafsiri. Watu wawili waadilifu wanaweza kutazama picha moja na kutofautiana.

Fauka ya hayo, shaka za mashabiki wa Afrika hazihusu macho ya marefa pekee, bali pia uadilifu wao. Novemba 2016, refa Joseph Lamptey wa Ghana aliipa Afrika Kusini penalti kwa madai ya kunawa mpira, ilhali mpira ulikuwa umemgonga Kalidou Koulibaly wa Senegal gotini. Mwaka uliofuata FIFA ilimpiga marufuku ya maisha na kuagiza mechi irudiwe. Senegal ilishinda 2-0 na kufuzu kwa Kombe la Dunia.

Mwaka wa 2018, refa msaidizi kutoka Kenya aliondolewa katika orodha ya Kombe la Dunia baada ya video iliyorekodiwa kwa siri kumwonyesha akipokea Dola 600. Waliomnasa walikuwa wanahabari, si mitambo ya uwanjani.

Kinachoweza kupunguza shaka hizo ni uwazi. Septemba 2023, bao halali la Luis Diaz wa Liverpool dhidi ya Tottenham lilikataliwa kwa sababu marefa wa video walidhani refa wa uwanjani alikuwa amelikubali. Siku chache baadaye, sauti zao zilitolewa hadharani. Kosa halikufutika, lakini mashabiki walisikia jinsi lilivyotendeka. Mwaka uo huo, katika Kombe la Dunia la Wanawake, marefa waliwaelezea mashabiki kwa kipaza sauti matokeo ya ukaguzi wa video.

Kwa ligi zisizo na fedha za kugharimia VAR, FIFA ilianza mwaka wa 2024 kujaribu mfumo rahisi unaompa kila kocha nafasi mbili za kuomba tukio likaguliwe. Refa mwenyewe hutazama picha kando ya uwanja.

Wakenya walishuhudia VAR ikitumika Kasarani Agosti 2025 wakati wa fainali za CHAN. Iwapo itafika katika ligi zao, Radès iwe funzo: mitambo ikaguliwe mapema, hitilafu itangazwe kabla ya kipenga cha kwanza, na sababu za kila uamuzi zielezwe. Shabiki anaweza kumsamehe refa aliyekosea. Ni vigumu kumsamehe anayeonekana kuficha jambo.