Ardhi Iliyoitwa Tupu: Mashamba ya Ngano, Miji Midogo na Matumizi Mapya ya Mali katika Wilaya za Mbulu na Hanang

1.0 Utangulizi

Tafiti nyingi zinazohusu mabadiliko ya miji huanza na jengo. Ghala lililokosa mizigo hugeuzwa maduka, ofisi iliyohamwa hugeuzwa hosteli, boma la mkoloni hugeuzwa makumbusho. Mfano wa karibu upo Arusha, ambako boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1900 leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Katika mifano ya aina hii swali la mtafiti huwa jepesi kiasi: jengo lilitumikaje hapo awali, na sasa linatumikaje?

Insha hii inadai kwamba katika wilaya za Mbulu na Hanang swali hilo halitoshi. Mali ya kibiashara iliyoibadilisha Hanang kuliko nyingine haikuwa jengo, bali mashamba saba ya ngano ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula (NAFCO). Ili mashamba hayo yaanzishwe, ilibidi kwanza ardhi ihesabiwe kuwa haina matumizi, ilhali ilikuwa nayo. Hoja kuu ni kwamba kila matumizi mapya ya mali hutanguliwa na tamko kuwa matumizi ya zamani yamekwisha au hayakuwapo, na kwamba historia ya Mbulu na Hanang ni historia ya nani alikuwa na mamlaka ya kutoa tamko hilo. Insha inafuatilia hoja hii katika nyakati tatu: kuanzishwa kwa mashamba ya ngano, mashauri ya ardhi yaliyofika Mahakama ya Rufani, na maporomoko ya tope yaliyoukumba mji wa Katesh mwaka 2023.

2.0 Miji iliyozaliwa na taasisi

Kabla ya kuyajadili mashamba, inafaa kueleza kwa ufupi jinsi miji ya eneo hili ilivyopatikana. Mji wa Mbulu ulikua kandokando ya boma la utawala wa Kijerumani, katika nchi ya Wairaqw ambao chimbuko lao ni nyanda za juu za Irqwar Da'aw. Haydom, magharibi mwa Mbulu, ilikua kutokana na hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955 kwa juhudi za wamisionari wa Norwe. Katesh, chini ya Mlima Hanang wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, ilipata uzito wake kutokana na utawala. Wilaya ya Hanang ilimegwa kutoka Mbulu mwaka 1969, na Babati ilipotengwa kuwa wilaya yake mwaka 1985, Katesh ikawa mji mkuu wa Hanang iliyosalia. Mwaka 2002 wilaya zote hizi ziliondolewa Mkoa wa Arusha na kuingizwa katika Mkoa mpya wa Manyara.

Jambo la kuzingatia ni kwamba hakuna hata mmoja kati ya miji hii mitatu uliokua kutokana na biashara peke yake. Taasisi ilitangulia, wafanyabiashara wakafuata. Maduka, nyumba za wageni, mashine za kusaga na vituo vya mabasi vilijipanga kando ya taasisi iliyokwisha kupewa ardhi na mamlaka. Kwa hiyo, thamani ya kiwanja katika miji hii imefungamana tangu mwanzo na uamuzi wa utawala kuhusu ardhi ipi itumikeje. Mashamba ya ngano yaliufikisha uamuzi wa aina hiyo vijijini, tena kwa kiwango kikubwa zaidi.

3.0 Mashamba saba ya ngano

NAFCO iliundwa mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Lengo lilikuwa kuzalisha chakula kwa wingi ili kupunguza uagizaji kutoka nje. Mahitaji ya ngano yalikuwa yakiongezeka hasa mijini, ambako mkate ulikuwa umeshazoeleka. Serikali ya Kanada ilikubali kutoa wataalamu, mbegu, matrekta na mashine za kuvunia. Kuanzia Basotu, mradi ulienea hadi kufikia mashamba saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Warret na Gidagamowd. Kwa pamoja yalichukua takriban ekari 100,000 za tambarare zilizo magharibi mwa Mlima Hanang.

Kwa mpangaji aliyefika akiwa na ramani, tambarare zile zilionekana kuwa wazi. Hapakuwa na uzio, na kwa sehemu kubwa ya mwaka hapakuonekana mifugo mingi. Kwa Wabarabaig, ambao ni sehemu ya jamii ya Wadatoga, hali ilikuwa tofauti kabisa. Charles Lane, aliyefanya utafiti miongoni mwao katika miaka ya 1980, alionesha kwamba wafugaji hao waliigawa nchi yao katika aina mbalimbali za malisho na kuhama kutoka aina moja hadi nyingine kwa mpangilio. Tambarare zenye rutuba, zinazoitwa muhajega, zilikuwa miongoni mwa malisho bora kuliko yote, na zililishwa kwa msimu. Sehemu iliyobaki ya mwaka ziliachwa ili nyasi zipumzike. Kuachwa huko kulikuwa sehemu ya matumizi yenyewe.

Kwa mantiki hiyo, ardhi iliyolimwa kwa sababu ilikuwa haitumiki ndiyo ile iliyotunzwa kwa kutotumika kwa muda. Athari yake haikupimika kwa ukubwa wa eneo tu. Mfugaji anaponyang'anywa malisho ya msimu mmoja, mzunguko mzima huvunjika, kwa kuwa mifugo hulazimika kubaki mahali palipopaswa kupumzika. Aidha, trekta zilipita juu ya bung'eda, yaani makaburi ya wazee waliozikwa kwa heshima kubwa, ambayo kwa Wabarabaig ni kumbukumbu ya ukoo na ushahidi wa uhusiano wao na mahali. Ramani ya shamba haikuwa na alama ya kuyaonesha.

4.0 Mahakama na maana ya matumizi

Wananchi walikwenda mahakamani. Shauri linalojulikana zaidi ni lile la NAFCO dhidi ya Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw na wenzake. Katika Mahakama Kuu wanakijiji walishinda. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliutengua ushindi huo katika masuala ya msingi. Ilielezwa kuwa kijiji kuwa na mipaka ya kiutawala hakumaanishi kwamba ardhi iliyomo ndani ya mipaka hiyo ni mali ya kijiji, na kwamba walalamikaji hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana iliyotolewa na sheria ya ardhi ya wakati huo, sheria iliyorithiwa kutoka utawala wa Waingereza. Miaka miwili baadaye, Tangazo la Serikali Na. 88 la mwaka 1987 lilifuta haki za kimila za ardhi katika maeneo kadhaa ya Mkoa wa Arusha, ambao wakati huo ulijumuisha Hanang. Kile ambacho mahakama ilisema hakikuthibitishwa, tangazo lilisema hakipo tena.

Hata hivyo, mwelekeo wa sheria haukubaki hapo. Shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwenzake lilitoka katika kijiji cha Kambi ya Simba, Mbulumbulu, ambacho wakati huo kilikuwa ndani ya Wilaya ya Mbulu na leo kimo Karatu. Chanzo chake kilikuwa ardhi ya kimila iliyogawiwa watu wengine wakati wa Operesheni Vijiji. Bunge lilikuwa limetunga sheria mwaka 1992 iliyofuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa kwa operesheni hiyo. Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba haki ya kimila ya kukalia na kutumia ardhi ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba, na kwamba haiwezi kuondolewa bila fidia ya haki. Mahakama ilikataa pia hoja kwamba fidia hustahili tu pale palipo na maendelezo yanayoonekana juu ya ardhi.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito zaidi kwa mjadala huu. Endapo kipimo cha mali ni maendelezo yanayoonekana, basi malisho ya msimu si mali na mfugaji hana cha kudai. Endapo kipimo ni matumizi na kazi iliyoipa ardhi thamani, ardhi iliyoitwa tupu huanza kuonekana ikiwa na watu. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999, zilizotanguliwa na kazi ya tume iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji, ziliitambua milki ya kimila. Lakini utambuzi huo ulikuja baada ya tambarare za Hanang kulimwa kwa takriban miaka 30.

5.0 Baada ya ngano

Kanada ilijiondoa katika mradi mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati ambapo mashirika ya umma nchini kote yalikuwa yakiandaliwa kubinafsishwa. Mashine bila vipuri na mafuta ya uhakika hazikuweza kuendelea kama zamani. Baadaye baadhi ya ardhi ilikwenda kwa wawekezaji na nyingine ikarejeshwa kwa wananchi.

Hapa swali la matumizi mapya liliibuka tena, safari hii kwa upande wa pili. Shamba lililokosa mwekezaji liliitwa shamba lililotelekezwa, na hivyo likawa tayari kugawiwa. Lakini kuligawa kwa nani? Mfugaji aliyeondolewa miaka ya 1970, mfanyakazi aliyeishi shambani kwa miongo miwili, na mkulima aliyehamia kijiji cha jirani, kila mmoja alikuwa na historia ya kweli katika ardhi ileile. Kurejesha ardhi kwa kijiji si sawa na kuirejesha kwa aliyenyang'anywa. Ekari zikikatwa kwa ajili ya kilimo cha kaya, muhajega hairudi kuwa malisho hata kama jina la mmiliki limebadilika.

6.0 Katesh baada ya tope

Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka. Tope, mawe na magogo viliteremka hadi Katesh na vijiji jirani, vikafukia makazi na maduka. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Katika kipindi kilichofuata zilijengwa nyumba mpya zaidi ya 100 kwa ajili ya waathirika katika eneo la Waret, kitongoji cha Gidagamowd. Majina hayo mawili ndiyo yaleyale yaliyobebwa na mashamba mawili kati ya saba ya NAFCO.

Tukio hili lilikuwa maafa na si dhuluma, wala insha hii haikusudii kuyalinganisha mambo hayo mawili. Linalofanana ni namna ya kuitazama ardhi. Korongo kavu chini ya mlima, kama malisho yaliyopumzishwa, huonekana halina mwenyewe kwa sababu aliyelitumia hayupo leo. Maji yanaweza kukaa miaka mingi bila kulipitia kwa nguvu, na kadiri mji unavyokua kiwanja kilicho kando yake hupata mnunuzi. Wazee wa mahali hukumbuka mikondo hiyo, lakini kumbukumbu yao haina nafasi katika mchoro wa mipango miji, kama vile bung'eda hazikuwa na nafasi katika ramani ya ngano.

Aidha, kuna watu ambao mipango ya makazi mapya huwaona kwa shida. Mwenye nyumba huonekana kwa urahisi, kwa kuwa nyumba ni maendelezo yanayohesabika. Mpangaji wa kibanda cha biashara hana hati wala ukuta. Alichopoteza ni mahali alipozoeleka na wateja wake. Tukifuata mantiki ya hukumu ya mwaka 1994, matumizi yake nayo yanastahili kuhesabiwa.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba matumizi mapya ya mali katika Mbulu na Hanang hayawezi kueleweka kwa kulinganisha hali ya awali na ya sasa pekee. Kati ya hali hizo mbili pana tamko, na kila tamko lina mtoaji wake: mpangaji wa shirika, jaji, tangazo la serikali, halmashauri ya kijiji. Kwa muda mrefu tamko hilo lilitegemea kinachoonekana siku ya kupima ardhi. Wabarabaig waligharimika kwa sababu siku hiyo hawakuwapo, ingawa walikuwa na sababu njema ya kutokuwapo.

Kwa msingi huo, insha inapendekeza kwamba upimaji wa ardhi inayokusudiwa kubadilishiwa matumizi, iwe shamba lililokosa mwekezaji au kiwanja kilichofukiwa na tope, uzingatie mzunguko mzima wa matumizi yake badala ya hali ya siku moja. Ushahidi wa mdomo wa wafugaji na wazee uchukuliwe kabla mchoro haujakamilika. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu historia ya wafanyakazi wa mashamba saba na vizazi vyao, kwa kuwa nao wameishi kwenye ardhi hiyo bila kutajwa sana katika mashauri yaliyojadiliwa hapa.