Koili moja kwa kila silinda: wazo la 1908 lililorudi

Wasomaji wangu mmezoea nikiandika habari za seva na hifadhidata, lakini wiki hii ni zamu ya injini. Msikimbie. Ni hadithi ya mfumo uliojengwa kwa namna fulani, ukabomolewa, halafu miaka themanini baadaye ukajengwa tena vilevile kwa sababu programu ya kuuendesha sasa ilikuwa imepatikana. Aliyewahi kuandika programu kwa riziki yake ataitambua hadithi hii haraka.

Tuanze na koili yenyewe. Ni nyaya mbili zilizozungushwa kwenye chuma kimoja. Waya wa kwanza ni mnene na una mizunguko michache, wa pili ni mwembamba kama unywele na una mizunguko maelfu. Umeme wa betri ukipita kwenye ule wa kwanza unajenga usumaku. Ukiukata ghafla, usumaku unaporomoka, na kwenye waya wa pili zinazuka volti maelfu kwa maelfu ambazo zinaruka kwenye ncha ya plagi. Hiyo ndiyo cheche. Wengi hudhani cheche inatoka umeme unapowashwa, kumbe inatoka unapokatwa! Shikeni hapo, tutarudi.

Michael Faraday alionyesha kanuni hiyo mwaka wa 1831. Miaka mitano baadaye, 1836, padri Nicholas Callan, aliyekuwa akifundisha chuo cha Maynooth huko Ayalandi, akatengeneza koili ya aina hii. Kisha Heinrich Ruhmkorff, fundi Mjerumani aliyefanya kazi Paris, akaiboresha mpaka ikaitwa kwa jina lake, na mwaka wa 1860 Étienne Lenoir akaitumia kuwasha injini yake ya gesi. Kwa hiyo koili ilikuwepo kabla ya gari. Karl Benz alipolipatia gari lake hataza mwaka wa 1886, cheche zake zilitoka kwenye betri na koili.

Sasa tufike Detroit. Ford Model T ilianza kuuzwa mwaka wa 1908. Mbele ya dereva palikuwa na sanduku, na ndani yake koili nne, kila moja kwenye kiboksi chake cha mbao. Silinda nne, koili nne. Kila koili ilikuwa na ulimi wa chuma uliotetemeka kama wa kengele ya umeme, ukiukata na kuuunganisha umeme mara nyingi kwa sekunde, hivyo plagi ilipata mvua ya cheche badala ya cheche moja. Koili zenyewe zilichomolewa kwa mkono, bila spana. Silinda ikikosa kuwaka, mwenye gari alihamisha koili yake kwenye nafasi ya jirani. Ugonjwa ukihama pamoja na koili, mgonjwa ni koili. Ugonjwa ukibaki, tafuta kwenye plagi. Mkulima wa Kansas aliyeishia darasa la nne aliweza kufanya hivyo shambani kwake.

Kama wazo lilikuwa zuri hivyo, kwa nini lilitupwa? Kwa sababu ndimi nne haziwezi kutetemeka sawasawa. Ulimi mmoja ukilegea kidogo, silinda yake inachelewa kuwaka. Mbao nazo zinanyonya unyevu. Katika lugha yetu ya kazini, zilikuwa saa nne tofauti na hakuna aliyezioanisha.

Aliyeleta jibu ni Charles Kettering wa Dayton, Ohio. Alikuwa amefanya kazi kwenye kampuni ya mashine za kuhesabia pesa dukani, NCR, na pamoja na Edward Deeds akaanzisha kampuni iliyojulikana kama Delco. Mfumo wake wa kuwasha uliingia kwenye Cadillac za 1910, na kwenye Cadillac za 1912 akaongeza stata ya umeme iliyowapumzisha watu na ile hendeli ya kuvunja mikono. Kutokana na kazi yake ukazoeleka ule mpango ambao baba zetu waliujua: koili moja kwa injini nzima, kontakti za kukata umeme zinazosukumwa na mhimili, na distributa yenye rota inayozunguka na kugawia kila plagi zamu yake. Hata Ford wenyewe, walipoiacha Model T mwaka wa 1927, waliipa Model A koili moja na distributa.

Mpango huo ulidumu zaidi ya nusu karne. Peugeot 404 zilizoshinda Safari Rally mwaka wa 1966, 1967 na 1968 zilikuwa na distributa, na vivyo hivyo karibu kila teksi na matatu ya petroli ya enzi hizo. Wanaokumbuka barabara za masika watakumbuka pia dereva akiwa amefungua boneti kando ya dimbwi, anapangusa kifuniko cha distributa kwa shati. Tone moja la maji mahali pale, na silinda zote nne zimekufa.

Udhaifu mwingine ni wa hesabu. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inahitaji cheche 200 kwa sekunde. Koili ikiwa moja, ina milisekunde 5 tu za kujaza usumaku na kuumwaga. Kwa injini ya silinda nane ni milisekunde 2.5. Zikiwa koili nne kwa silinda nne, kila moja inapata milisekunde 20, muda wa kupumua. Usahihi nao ni taabu: kwa mwendo huo nyuzi moja ya mzunguko inapita kwa kama sehemu 28 za milioni za sekunde. Kontakti za chuma zinazolika kila siku haziwezi kushika muda huo.

Kwa hiyo mambo yakaanza kuondoka moja baada ya jingine. Katika miaka ya 1970 transista ikachukua kazi ya kontakti. (Citroën 2CV haikuwahi kuwa na distributa tangu 1948: koili yake ilipiga silinda zote mbili kwa pamoja, cheche moja ikipotea bure. Wafaransa bwana.) Mwishoni mwa miaka ya 1980 Saab wakauza magari yenye koili juu ya kila plagi, na kufikia miaka ya 2000 Wajapani nao walikuwa wameuchukua mpango huo kwa wingi. Saa nne za Model T zikapata saa moja ya kuzioanisha, nayo ni kompyuta ya injini. Ni yuleyule Kettering bado, umeme unakatwa na cheche inaruka, ila anayekata sasa ni mstari wa programu.

Ndipo linapoingia gari la nyumbani kwetu, Toyota Harrier ya 2006, injini 2AZ-FE ya lita 2.4. Mwezi uliopita likaanza kumisi, kama mafundi wanavyosema: linatetemeka kwenye taa za barabarani, na ukipanda mlima taa ya injini inapepesa. Taa hiyo ikipepesa si ya kuachwa mpaka mwisho wa mwezi. Petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye ekzosi, inachoma kichujio cha moshi, na kichujio hicho ni ghali kuliko koili zote nne pamoja. Na sisi tulikuwa na safari ya Kisii na watoto Ijumaa.

Fundi mmoja alisikiliza injini kwa dakika moja akasema tubadilishe koili nne, plagi nne na tusafishe nozeli. Nikamshukuru nikarudi nyumbani. Nina kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani, nakala ya ELM327. (Elm Electronics wa Kanada walitoa toleo la kwanza bila kulifunga lisinakiliwe, dunia nzima ikalinakili. Kampuni ilifungwa mwaka wa 2022, nakala zingali zinauzwa kila kona.) Simu ikasoma P0303, yaani silinda ya tatu haiwaki sawasawa.

Msimbo huo hausemi koili imekufa. Unasema silinda ya tatu tu. Hapo nikafanya lile la mkulima wa Kansas. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, nikatoa kifuniko cha plastiki, nikachomoa soketi ya waya, nikafungua bolti moja ya spana namba 10, koili ikavutika juu. Ya tatu nikaiweka kwa ya pili, ya pili kwa ya tatu. Nikafuta msimbo, nikazunguka mtaa mara mbili. Ikasoma P0302. Ugonjwa umehama! Ningeona P0303 tena, ningeangalia plagi, nozeli, halafu mgandamizo.

Kwa wanaotaka kujaribu: msichomoe koili injini ikiunguruma, hizo volti hazina mzaha, na cheche ikikosa njia inaweza kuharibu koili nzima. Pulizeni vumbi kabla ya kutoa plagi, maana kinachoanguka kinaanguka ndani ya silinda. Angalieni kama kuna oili kwenye shimo la plagi. Ikiwepo, sili za juu zinavuja na koili mpya itakufa vilevile. Bolti ya koili inakazwa kidogo tu, Nm 9, kwa sababu inaingia kwenye alumini. Na kwenye kununua, tazameni chapa, soketi na uzito, kwa kuwa koili za bandia zimejaa sokoni na maboksi yake ni mazuri kuliko ya halali.

Nilinunua koili moja. Kazi ilichukua dakika kumi na tano, na Ijumaa tulipita mteremko wa Mai Mahiu bila taa kupepesa. Shemeji yangu aliposikia akasema ataleta Harrier yake nami niitazame. Yake ni V6 ya lita 3.0, ile yenye koili tatu zilizofichwa nyuma chini ya manifoldi ya hewa. Nimemwambia aje Jumamosi alfajiri, na aje na chakula cha mchana.