Wakili wa Baraza: Sheria na Udugu katika Chama cha Knights of Columbus

Utangulizi

Yanapotajwa madaraka katika vyama vya udugu vya Wakristo, husikika kwanza mwenyekiti, mweka hazina na kasisi. Yuko afisa mwingine ambaye hutajwa kwa nadra, naye ni yule aliyekabidhiwa kuangalia sheria na utaratibu. Katika makala hii tunakusudia kuitazama kazi yake katika Knights of Columbus, chama cha wanaume Wakatoliki kilichoanzishwa Marekani mwaka 1882. Rai yetu ni kwamba afisa huyu hakuwekwa kwa ajili ya ugomvi, wala kwa fahari ya kuwa na katiba, bali kwa ajili ya mjane na mnyonge. Aidha, historia ya sheria na udugu inatugusa sisi Walutheri kuliko tunavyodhani.

Chimbuko la Chama

Katika karne ya 19 Wakatoliki wengi wa mji wa New Haven, katika jimbo la Connecticut, walikuwa wahamiaji maskini kutoka Ireland. Baba alipokufa, nyumba ilibaki bila chakula. Loji za wakati ule ziliwasaidia wajane wa wanachama wao, lakini Wakatoliki walikuwa wamekatazwa kujiunga na Freemason tangu agizo la Papa Klementi wa 12 la mwaka 1738. Padre Michael McGivney, kasisi kijana wa kanisa la Mt. Maria, aliona kwamba haitoshi kuwakataza watu jambo bila kuwapa lililo bora. Akawakusanya wanaume wachache katika chumba cha chini ya kanisa, wakaunda chama cha kusaidiana chenye kuahidi dola 1,000 kwa familia ya mwanachama aliyefariki.

Yafaa tuangalie namna sheria ilivyokuwapo tangu mwanzo. Mapema mwaka 1882 McGivney alikubali mbele ya mahakama kuwa mlezi wa kisheria wa kijana mmoja wa familia ya Downes, ambaye baba yake alikuwa amekufa, ili familia ile isitawanyike. Tarehe 29 Machi mwaka huohuo bunge la Connecticut likakipa chama hati ya kisheria. Padre huyu alifahamu kwamba huruma isiyo na hati yaweza kushindwa mlangoni mwa mahakama. Alifariki mwaka 1890 akiwa na umri wa miaka 38, na mwaka 2020 Kanisa lake likamtangaza kuwa Mwenye Heri.

Kazi ya Wakili wa Baraza

Tawi la chama huitwa baraza, na miongoni mwa maafisa wake wanaochaguliwa kila mwaka yumo Wakili. Yeye ndiye mwakilishi wa baraza katika mambo ya sheria, na ndiye mshauri wa wadhamini wanaotunza mali na kukagua hesabu. Halazimiki kuwa mwanasheria kwa taaluma. Jambo likizidi ujuzi wake, wajibu wake ni kumtafuta mwanasheria mwenye sifa, si kubahatisha.

Katika mikutano yeye ndiye anayetazamiwa kuijua katiba ya chama, kanuni ndogo za baraza na taratibu za majadiliano. Je, akidi imetimia? Je, hoja hii imeungwa mkono? Je, marekebisho haya ya kanuni yametolewa taarifa mapema kama ipasavyo? Vyama vingi vya Marekani hufuata katika mambo hayo kitabu cha Henry Martyn Robert, mhandisi wa jeshi, kilichotoka mwaka 1876. Inasimuliwa kwamba Robert alianza kuyachunguza mambo haya baada ya kuongoza mkutano wa kanisani huko New Bedford, Massachusetts, mwaka 1863, mkutano ambao ulimshinda kwa ghasia. Basi elimu hiyo ya utaratibu ina mizizi yake katika aibu ya Wakristo walioshindwa kusikilizana.

Hapana budi kusisitiza mpaka wa kazi hii. Katika utaratibu huo mshauri hushauri, na mwenyekiti ndiye hutoa uamuzi. Kama mshauri angekuwa pia mwamuzi, elimu yake ingegeuka kuwa utawala, na wale wasioijua katiba wangenyamaza mbele yake. Kwa sababu hana rungu, hana budi kusema kweli kwa namna ambayo ndugu wote wataielewa.

Sheria Iliyovuka Ukuta

Mwaka 1922 wapiga kura wa jimbo la Oregon, kwa shinikizo la Ku Klux Klan na wengineo, walipitisha sheria ya kuwalazimisha karibu watoto wote wa miaka 8 hadi 16 kusoma katika shule za serikali. Shule za Wakatoliki zingekufa, na za Walutheri vivyo hivyo. Masista wa Majina Matakatifu ya Yesu na Maria wakaenda mahakamani, na Knights of Columbus wakachangia gharama. Tarehe 1 Juni 1925 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba mtoto si mali ya serikali tu, na kwamba wazazi wana haki ya kuongoza malezi yake.

Uamuzi huo ulijengwa juu ya mwingine. Mwaka 1920 Robert Meyer, mwalimu wa shule ya Kilutheri huko Nebraska, alishtakiwa kwa kumfundisha mtoto kusoma hadithi za Biblia kwa Kijerumani, akatozwa faini ya dola 25. Mwaka 1923 Mahakama ya Juu ilitengua hukumu hiyo. Na aliyesimama kumtetea Mlutheri huyo alikuwa Arthur Mullen, wakili Mkatoliki. Hivyo haki iliyopatikana kwa mwalimu wa Kilutheri ikawa msingi wa kuwaokoa masista wa Kikatoliki miaka miwili baadaye.

Hitimisho

Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 16, linafundisha kwamba sheria njema za nchi ni kazi njema za Mungu, na kwamba Mkristo aweza kushika kazi ya hukumu bila dhambi. Twajua kwamba sheria haiokoi. Lakini yaweza kumzuia mwenye nguvu asile sehemu ya mjane. Mitume nao, waliponung'unikiwa kwamba wajane wengine wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, waliitisha mkutano wakachagua watu saba.

Yatupasa basi kujiuliza: ni mara ngapi katiba ya usharika hufunguliwa siku ya ugomvi tu, tena na yule anayetaka kushinda? Inafaa kila halmashauri iwe na mzee mmoja anayeisoma wakati wa amani, anayejua hati za kiwanja ziko wapi, na aliye tayari kumwambia mchungaji kwa heshima, "Baba Mchungaji, hapa kanuni haituruhusu." Nasi wachungaji tumsikilize, hasa pale neno lake linapotuzuia.