Wazee wetu na Korona (Sehemu ya 3): Nyumba ya bibi haifungwi lango

Nimetoka zamu, watoto wamelala, tuendelee. Leo ni zamu ya wazee wetu wa Mara. Watoto waliozaliwa wakati wa Korona sasa wako shule, kwa hiyo hii tayari ni historia.

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, Arusha. Kesho yake serikali ikafunga shule. Wengi wetu hapa Musoma mjini tulifanya nini? Kazi zinaendelea, watoto wako nyumbani, tukawapandisha gari kwenda kwa bibi, Bunda na Butiama vijijini. Shule zilifunguliwa tena tarehe 29 Juni. Zaidi ya miezi mitatu mtoto wa mjini analala chumba kimoja na mtu wa miaka sabini.

Ulaya wazee wengi walifia kwenye nyumba za kulelea wazee. Milango ikafungwa, ndugu wakawapungia mkono dirishani. Kwetu nyumba hizo ni chache. Mkoani tunayo makazi ya serikali ya Nyabange, Butiama, kwa wazee wasio na wa kuwatunza. Makazi kama hayo hutegemea pia wageni: leo kwaya, kesho kikundi cha kina mama na sabuni, sukari, mchele. Mgeni yule yule anaweza kuleta ugonjwa. Ukimzuia, mzee anakosa sabuni na anakosa wa kuongea naye.

Wazee wengine wengi wako kwenye boma la familia. Huko utamfungia nani lango, mjukuu?

Bibi yangu yuko Bunda. Mimi nilikuwa wodini, nikaogopa kumpelekea ugonjwa, miezi miwili sikukanyaga. Nilipokwenda nilisimama chini ya mwembe na barakoa yangu, nikamwamkia kwa mbali. Mkono sikumpa. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, nimekukosea nini?"

Nililia njia nzima kurudi. Wagonjwa nilikuwa nawaelimisha kila siku, bibi yangu sikumwambia neno.

Wiki iliyofuata nikarudi, nikakaa mwembeni nikamweleza taratibu. Tukafunga kibuyu chirizi getini, wajukuu wakawa wasimamizi. Anayetoka mjini ananawa, anakaa nje kwenye upepo. Bibi akawa mkali kunishinda! Hata mchungaji alinawishwa.

Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia akazindua chanjo. Waliotangulizwa ni watumishi wa afya, wenye miaka zaidi ya 50 na wenye magonjwa sugu. Bibi akagoma. Kijijini walisema anayechanjwa hamalizi miaka miwili. Safari hii sikubishana. Nilichanja mimi, nikaenda kumwonyesha bega langu, nikalala kwake siku mbili anitazame. Mwezi uliofuata akasema, "Haya, nipeleke." Yupo mpaka leo, analima mihogo.

Mama mwenzangu, mtoto akiwa na mafua au kikohozi, safari ya kwa bibi isubiri. Lakini mpigie bibi simu umwambie kwa nini. Ukikaa mbali kimya kimya, mzee anajua ametupwa.

Kesho Mungu akipenda, Sehemu ya 4: kipindupindu na maji ya ziwa. Usiku mwema.