Kanda ya mjomba na historia mbili za Queen

Wadau, mwenzenu nilidanganywa na kanda. Mjomba alikuwa nayo kwenye gari, kanda ya kunakili, haina jalada, juu imeandikwa kwa kalamu neno moja tu: Queen. Ilianza na Bohemian Rhapsody, ikaisha na We Are the Champions. Nikakua nikiamini kwamba hawa jamaa walianza na wimbo ule, wakashinda moja kwa moja mpaka mwisho.

Kumbe ilikuwa Greatest Hits, iliyotoka Uingereza mwaka 1981. Nyimbo 17, zote zilikuwa zimeshatoka kabla, nyingi kama singo, na hazikupangwa kwa kufuata miaka. Bohemian Rhapsody, iliyokaa kileleni wiki tisa kuanzia 1975, imewekwa mbele. Seven Seas of Rhye, iliyowaingiza kwenye chati mara ya kwanza mwaka 1974, imesukumwa mpaka nafasi ya 15.

Na singo yao ya kwanza kabisa je? Ni Keep Yourself Alive, ya 1973. Haikuingia kwenye chati ya Uingereza hata kidogo. Kwenye kanda ya mjomba haimo.

Sasa hapa ndipo utamu ulipo. Mwaka huohuo Wamarekani walipewa Greatest Hits yao, nyimbo 14. Humo Keep Yourself Alive ipo! Ipo pia Under Pressure, waliyoimba na David Bowie. Lakini Don't Stop Me Now haimo. Uingereza ilifika nafasi ya 9, Marekani ilikwama ya 86. Bendi moja, jina moja la albamu, historia mbili. Kijana wa Chicago na kijana wa London wangeweza kubishana usiku kucha na kila mmoja akawa na ushahidi mkononi.

Toleo la Uingereza ndilo lililotamba: mwaka 2022 lilikuwa la kwanza nchini humo kuvuka nakala milioni 7. Na mimi kwa kukosa jalada sikujua hata kwamba mwimbaji, Freddie Mercury, alizaliwa hapo ng'ambo tu, Unguja, mwaka 1946, akiitwa Farrokh Bulsara.

Juzi nilimpigia mjomba Keep Yourself Alive. Akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Mpwa wangu, hao si Queen."