Kivumbasi

Kivumbasi (jina la kisayansi: Ocimum gratissimum) ni mmea wenye harufu kali wa familia Lamiaceae, ndugu wa mrehani na mnanaa. Vitabu vya zamani huuita Ocimum suave. Jina la kivumbasi hutumika pia kwa Ocimum americanum, ulio mfupi zaidi, kwa hiyo anayesoma habari za dawa hii aangalie kwanza ni mmea upi unaozungumziwa.

Hukua kufikia mita 1 hadi 2, na shina lake huwa gumu kwa chini. Majani yana meno pembeni. Maua ni madogo, meupe yanayoelekea manjano, yamepangana kwenye masuke. Katika mkoa wa Mtwara, kama kwingine pwani, huota kandokando ya mashamba, njiani na nyuma ya nyumba. Katika matope ya chumvi ya mikoko, kwenye maingilio ya mto Ruvuma, hauoti.

Matumizi ya tiba

Matumizi makubwa ni kujifukiza, yaani nyungu. Majani huchemshwa, pengine pamoja na ya mchaichai au mwarobaini, kisha mgonjwa hujifunika shuka na kuvuta mvuke. Hufanyika kwa mafua, kikohozi, kichwa na homa. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, nyungu ilienea Tanzania nzima. Mwenye pua iliyoziba hufikicha majani mkononi akanusa tu. Maji ya majani hunywewa kwa tumbo la gesi au la kuhara.

Harufu hutokana na mafuta ambayo katika mimea mingi ya aina hii yana eujenoli, kemikali ileile ya karafuu.

Mbu na malaria

Matawi huwekwa chumbani au huchomwa jioni ili kufukuza mbu. Desturi hii ina msingi: utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kutoka kaskazini-mashariki mwa Tanzania ulithibitisha kwamba kivumbasi hufukuza mbu. Lakini mafuta yake hupotea hewani baada ya muda mfupi, hivyo hayawezi kuchukua nafasi ya chandarua.

Kufukuza mbu si kutibu malaria. Mtwara ina msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili, na malaria huongezeka nao. Hatari kubwa iko kwa mtoto mwenye degedege, ambayo wengi pwani waliihesabu kuwa ugonjwa wa shetani au ndege, wakaanza na mafusho. Mara nyingi ni malaria kali, na saa zinazopotea kwenye nyungu zinaweza kumgharimu uhai. Chungu cha maji ya moto nacho kimeunguza watoto. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati siku hiyohiyo apimwe. Akishikwa na degedege, apelekwe mara moja, bila kupewa kitu chochote mdomoni.

Waganga wa tiba asili Tanzania husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya sheria ya mwaka 2002.